Ukitoka kazini kuandika programu, unarudi nyumbani kuandika programu

Swali hili huwafikia watu wengi wa fani yetu kutoka kwa watu wa nyumbani, tena huulizwa kwa huruma: mchana kutwa umekaa mbele ya kompyuta ukiandika programu, sasa umerudi, umekula, umefungua kompyuta nyingine. Unaandika programu ya nani tena? Jibu ni kwamba ile ya mchana ina wenyewe. Ina bosi, ina tarehe ya mwisho, ina kikao cha asubuhi cha kueleza ulichofanya jana, na ina msimbo (maandishi ya programu) ulioachwa na mtu aliyeondoka kabla hujaajiriwa, ambao hakuna anayethubutu kuugusa. Ya usiku ni yako. Ukitaka kitufe kiwe cha zambarau kitakuwa cha zambarau, na hakitaitishwa kikao cha kujadili zambarau.

Raha yote ya mradi wa pembeni, yaani programu unayojiandikia nje ya kazi, imo katika uhuru huo, na uhuru huohuo ndio unaoiua miradi mingi. Nina miradi michache iliyo hai na mingi iliyolala. Nikiichunguza iliyolala, naona karibu yote ina ugonjwa mmoja: ilianza kwa nia moja ikaendelezwa kwa nia nyingine.

Mtu hujijengea programu kwa sababu anaihitaji, au anataka kujifunza kitu, au anataka kucheza tu. Zote ni sababu halali, hata ya mwisho. Taabu huanza zinapochanganyika bila mwenyewe kujua. Tuseme unasahau kumeza dawa, unataka programu ya kukukumbusha. Hiyo ni kazi ya jioni moja kwa lugha unayoijua. Lakini umesikia watu wakiisifu lugha fulani mpya, na unaona hapa ndipo pa kuijaribia. Muda si mrefu uko usiku wa manane unabishana na kompaila, ile programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine, umesoma makala chungu nzima kuhusu usimamizi wa kumbukumbu, na dawa bado unaisahau.

Kwa hiyo kabla ya mstari wa kwanza wa msimbo, mimi hufungua faili la maelezo na kujibu swali moja: ili iweje? Jibu liwe sentensi moja. Nikishindwa kuiandika, huo mradi haujaiva.

Kama jibu ni kwamba unakihitaji kitu, tumia zana ulizozizoea mpaka zinakuchosha. Faili la kawaida la maandishi linaweza kuwa hifadhidata yako kwa muda mrefu kuliko unavyodhani, na likizidiwa ipo SQLite, programu ya hifadhidata ambayo hukaa ndani ya faili moja na haihitaji seva. Halafu, tafadhali, usijenge mfumo wa kujisajili kwa ajili ya mtumiaji mmoja ambaye ni wewe mwenyewe. Nalisisitiza hili kwa sababu nimeliona mara nyingi mno: mtu anaanza na ukurasa wa nywila, uthibitisho wa barua pepe, na swichi ya kugeuza skrini iwe nyeusi, wakati programu yenyewe bado haijafanya lile jambo moja iliyozaliwa kulifanya. Vitu hivyo vinavutia kwa kuwa unajua namna ya kuvifanya. Kiini hukijui, kinatisha, basi unapaka rangi uzio wa nyumba ambayo haijajengwa. Anza na kiini, kwa ubaya wake wote.

Nichukue programu yangu ya picha. Nilikuwa na picha nyingi kutoka simu na kamera mbalimbali, nyingine zikiwa na jina lilelile la IMG_0001, na nilitaka kila moja ipewe jina la tarehe iliyopigwa na iwekwe kwenye folda ya mwaka wake. Kiini chake ni mistari michache: soma tarehe, badilisha jina, weka mahali pake. Usiku wa kwanza ilifanya kazi, nami nikakaa nikitazama majina yakibadilika kwenye skrini kama mtoto anayetazama treni. Hakuna aliyekuwa macho wa kumwonyesha. Wenzangu wa fani wanaijua raha hiyo ya kushangilia peke yako kimyakimya.

Kisha ukweli ukaanza kuingia. Kamera huandika tarehe ndani ya faili la picha, katika maelezo yanayoitwa EXIF. Ila picha zilizopita kwenye programu za kutumiana ujumbe mara nyingi hufika zikiwa zimevuliwa maelezo hayo. Programu yangu ilipokosa tarehe ilichukua sifuri, na kwa kompyuta zinazofuata desturi ya Unix, muda huhesabiwa kwa sekunde tangu 1 Januari 1970, saa sita usiku kwa saa za ulimwengu. Sifuri maana yake ni siku hiyo. Basi picha za harusi ya binamu yangu zikajipanga vizuri kabisa katika folda ya mwaka 1970, bwana harusi mwenyewe akiwa hajazaliwa.

Nikarekebisha hilo, likaja la saa za maeneo. Kamera nyingi huandika saa bila kusema ni saa ya wapi, kwa hiyo picha ya safarini iliyopigwa alfajiri inaweza kuangukia tarehe ya jana. Baada ya hapo zikaja picha mbili zilizopigwa katika sekunde moja. Zote zinadai jina moja, na ya pili ikiandikwa juu ya kwanza, ya kwanza imekwenda. Hilo si la kuchekea. Programu yoyote inayogusa mafaili yako iandikie kwanza hali ya majaribio, ambayo inakutajia itakachofanya bila kukifanya. Ifanye inakili badala ya kuhamisha. Na uijaribu kwenye nakala ya akiba, si kwenye picha zenyewe. Nilifanya hivyo na ndiyo maana naweza kusimulia nikicheka.

Nimejifunza mambo mengi zaidi ya saa na tarehe kutoka programu ile ndogo kuliko kutoka mafunzo yoyote niliyowahi kukaa darasani kuyasikiliza, kwa sababu kila kosa lilikuwa na uso wa mtu ninayemfahamu. Ndiyo faida kubwa ya kujenga kitu unachokihitaji: hitilafu hazihitaji kuandikwa na mtu wa kupima ubora. Wewe ndiye mteja, wewe ndiye mlalamikaji, na malalamiko yanafika papo hapo.

Kujifunza ni hesabu nyingine. Mradi wa kujifunza unakwisha pale ulipokwisha kujifunza, hata kama programu imesimama nusu, na kuuacha hapo si aibu. Bora zaidi uchague wenye mpaka unaoonekana. Kwa anayetaka kuelewa jinsi kompyuta inavyotekeleza amri, mimi hupendekeza kuandika kiigizi (programu inayoiga mashine nyingine) cha CHIP-8, mfumo mdogo wa miaka ya 1970 uliobuniwa kurahisisha kuandika michezo. Una amri 35, kumbukumbu ya baiti 4,096, na skrini ya nukta 64 kwa 32. Ukishaandika hizo amri 35 umemaliza, na michezo ya wakati ule inacheza mbele yako. Lengo kama "kujifunza akili unde" halina amri ya 35. Utalikimbilia mpaka uchoke, kisha utajiona huna akili.

Kuna na kupotea njia. Unataka kuandika makala, unaona chombo chako cha kuandikia hakikufai, unaanza kutengeneza chombo, na kumbe chombo kinahitaji maktaba (msimbo uliokwisha andikwa na wengine) ambayo nayo ina kasoro, ukaifungua nayo. Mfalme wa hili ni Donald Knuth, mtaalamu wa kompyuta wa Marekani. Mwaka 1977 aliona prufu (kurasa za kukagua kabla ya kuchapa) za chapa mpya ya kitabu chake, hakupendezwa na sura ya herufi, akaamua kuandika mwenyewe programu ya kupanga kurasa. Alitarajia kuimaliza katika likizo yake ya utafiti ya 1978. Lugha ya programu hiyo, TeX, ilikuja kugandishwa mwaka 1989. Wanahisabati wanaitumia mpaka leo, kwa hiyo wenzangu hupenda kumtaja kila wanapotaka kuhalalisha upotevu wao. Wanasahau mambo mawili. Yeye alikuwa profesa, na muda wa namna hiyo alikuwa nao. La pili ni hilo neno "kugandishwa": alifika mahali akasema vipengele vipya basi, kinachobaki ni kusahihisha makosa tu, na kila sahihisho linaongeza tarakimu moja ili namba ya toleo isogee kuelekea thamani ya pai, ile 3.14159 isiyokwisha. Kwangu mimi hapo ndipo pa kumwiga. Mradi wa pembeni unastahili siku ya kugandishwa. Programu yangu ya picha imegandishwa, na maombi yangu mwenyewe ya kuiongezea ramani nimeyakataa kwa maandishi.

Kuhusu kucheza sina mengi. Kama unaandika programu inayogeuza mistari ya msimbo kuwa muziki wa ovyo, iandike. Atatokea wa kuuliza kama itaingiza pesa. Mwambie haitaingiza, na uendelee.

Pesa na umaarufu hata vikija, huja kwa mlango ambao hukuutazamia. Josh Wardle alitengeneza Wordle, mchezo wa kubahatisha neno, kwa ajili ya mwenza wake aliyependa michezo ya maneno, akaifungulia umma Oktoba 2021, na Januari 2022 gazeti la New York Times likatangaza kuinunua. Napenda mfano huo kwa sababu mchezo ulitengenezwa ukimlenga mtu mmoja mwenye jina na uso, na unaonekana hivyo: fumbo moja kwa siku, basi. Upande wa pili yuko Daniel Stenberg wa Uswidi, ambaye katika miaka ya 1990 alitaka tu programu ndogo ya kuchota viwango vya kubadilisha fedha kutoka kwenye wavuti. Ikakua, mwaka 1998 ikaitwa curl, na leo imo ndani ya simu, televisheni na magari. Kwa kuwa anwani yake ya barua pepe imo katika maelezo ya leseni, kuna watu waliokuta jina lake kwenye skrini ya gari wakamwandikia kuomba msaada wa gari.

Hiyo ndiyo sura ya ukarimu wa chanzo huria (programu ambazo msimbo wake uko wazi kwa wote) ambayo wanaoanza hawaambiwi. Ukiweka mradi wako hadharani, siku moja mgeni atakuandikia kwamba umemsaidia, na utatembea juu juu siku nzima. Anayefuata atakuandikia kwa hasira kana kwamba amekulipa. Andika mapema kwenye maelezo ya mradi kwamba huu ni wako binafsi, kwamba hitilafu unazipokea na vipengele vipya huenda ukavikataa. Kukataa kwa adabu kunatosha, huna deni la sababu ndefu.

Kuna mawili ya usalama kabla hujaweka chochote hadharani. Soma mkataba wako wa ajira, maana ipo inayodai umiliki wa unachobuni hata nje ya saa za kazi, na usitumie kompyuta ya mwajiri. Na kama nywila au ufunguo wa siri uliwahi kuingia kwenye Git, programu inayotunza kila badiliko la msimbo, kuufuta katika badiliko linalofuata hakusaidii, kwa kuwa historia bado inautunza. Ubatilishe huko ulikotoka, utoe mwingine.

Jambo dogo kuhusu maelezo ndani ya msimbo: andika sababu, usiandike amri. Ninayo faili yenye mstari wangu mwenyewe usemao "usiguse hapa, utaelewa baadaye." Baadaye imefika, nami bado nauzunguka mstari ule kwa heshima.

Na miradi iliyolala? Ipitie mara mojamoja. Ambayo hujaifungua kwa muda mrefu na haikuumi, iandikie sentensi moja ya kueleza ilifikia wapi na kwa nini uliiacha, kisha ihamishie kwenye folda ya kumbukumbu. Hiyo sentensi ina kazi: siku moja wazo lilelile litakurudia likiwa limevaa nguo mpya, na utaona umekwisha kulijaribu likagonga ukuta gani. Izime seva kama ipo, maana seva iliyosahauliwa bila kusasishwa ni mlango wazi. Halafu ingia kwenye akaunti yako ya vikoa (majina ya tovuti) uzime malipo ya kujirudia, kwa vile kikoa kile kizuri ulichokinunua usiku ule wa msisimko kitakudai kila mwaka, hata kama msimbo wake haukuwahi kuandikwa.