Jibu: Minanasi kuchanua kwa mafungu na majani ya chini kuwa manjano

Ndugu yangu wa Kiwangwa, umeuliza kwa nini minanasi ya shamba moja inachanua kwa mafungu, na kama majani ya chini kugeuka manjano ni ugonjwa. Yote mawili yanagusana na homoni iitwayo ethilini, gesi ambayo mmea huitengeneza wenyewe.

Mimea mingi haihitaji ethilini ili itoe maua. Mnanasi ndio wa ajabu: ubaridi wa usiku wa kipupwe huiongeza, na kitovu, yaani ncha inayokua katikati ya mmea, kinaacha kutoa majani kinaanza ua. Mmea mkubwa huitika, mdogo hubaki nyuma, basi shamba linagawanyika. Wakulima wa visiwa vya Azores waligundua karne ya 19 kwamba moshi huchanuza minanasi. Kumbe ndani ya moshi mna ethilini. Siku hizi hutumika ethefoni, dawa inayotoa ethilini, au kabaidi ndani ya maji, ambayo hutoa asetilini yenye kazi ileile. Humiminwa kwenye kitovu usiku, wakati vitundu vya majani viko wazi. Tafadhali sana, kabaidi isikaribie moto, gesi yake hulipuka. Wala usichanuze mmea mdogo, utavuna nanasi la kukatisha tamaa.

Majani sasa. Saitokinini, homoni nyingine inayotoka zaidi mizizini, hulinda ukijani. Ikipungua, ethilini huharakisha uzee na mmea huhamishia naitrojeni kwenye majani machanga. Yakiwa manjano majani ya chini kabisa tu, ni uzee. Yakizidi kupanda juu, angalia mbolea. Manjano yakianzia kitovuni, ng'oa mmea mmoja ukague kama mizizi imeoza.