Klabu ya afya shuleni: kibuyu chirizi, meno ya kahawia na maharage ya msaada

Siku mgeni rasmi akiwapo, klabu za afya za shule zetu za msingi hapa Arusha na Moshi hung'ara: ngonjera, mabango ya manila, picha za pamoja. Pita shuleni baada ya wiki tatu ukaone. Vidumu vya kunawia vimekauka na sabuni haipo. Kwa hiyo mwalimu mlezi, kabla hujapanga nani ataimba, panga nani atajaza maji.

Kibuyu chirizi chenyewe, yaani kidumu cha kunawia kinachoinamishwa kwa mguu, si kazi kubwa. Tafuta kidumu cha lita 5 cha mafuta ya kula, kioshe kwa maji ya moto na sabuni. Kata miti miwili yenye panda, kila mmoja mita 1.2, ufukie sentimita 40 ili hata mtoto wa darasa la kwanza afikie. Ile sehemu ya kufukia ipake oili chafu kwanza, la sivyo mchwa watamaliza kazi kabla ya muhula kuisha. Mti mwembamba upite kwenye mshikio wa kidumu na ulale juu ya panda zote mbili. Funga kamba shingoni mwa kidumu, ishuke hadi kwenye kijiti cha kukanyagia. Kisha pasha msumari moto, utoboe tundu moja upande wa mbele, ulio mkabala na mshikio, kama sentimita 12 kutoka kitakoni.

Hapo kwenye tundu ndipo wengi hukosea. Wanatoboa karibu na kitako ili maji yatoke kwa nguvu, matokeo yake yanadondoka usiku kucha na asubuhi kidumu ni kitupu. Maji yajazwe yaishie chini kidogo ya tundu, yatoke pale tu kidumu kinapoinama. Kijiti kikigusa ardhi kabla kidumu hakijainama, kamba ni ndefu, ifupishe. Chini mwaga debe la kokoto, maana tope likishatuama watoto wanakwepa kunawa kwa kuogopa kuchafua viatu.

Sabuni ya mche ukiikata vipande na kuitundika, itaondoka na wenyewe. Sabuni ya maji inadumu zaidi: gramu 30 za sabuni ya unga kwenye chupa ya maji ya lita 1.5, tikisa, toboa kifuniko tundu dogo. Hakuna anayeiba maji yenye povu. Zamu ya kujaza iwe ya darasa zima kwa wiki, si ya mtoto mmoja mwema, na vidumu vijazwe mara mbili kwa siku: kabla ya mstarini na kabla ya uji.

Somo la meno linahitaji uangalifu wake hapa kwetu. Vijiji vingi vinavyozunguka Mlima Meru vina maji yenye madini mengi ya floraidi, yanayotoka kwenye miamba ya volkano. Mtoto akiyanywa wakati meno ya ukubwani yangali yanajengeka ndani ya ufizi, yaani takriban hadi miaka 8, yataota na madoa ya kahawia. Mswaki hauyaondoi. Mwalimu anayemsimamisha mtoto mbele ya wenzake kwamba hapigi mswaki anamwonea bure, na kesho mtoto huyo atacheka akiwa ameziba mdomo.

Wafundisheni pia kwamba kuchemsha kunaua vijidudu lakini hakuondoi floraidi. Maji yakipungua sufuriani, floraidi inabaki kwenye yaliyosalia. Kinachosaidia ni maji ya mvua yaliyokingwa kwenye bati safi (mvua ya kwanza iachwe ipite), au chujio la mkaa wa mifupa, ambalo nalo huchoka na kuhitaji mkaa mpya. Halafu kuna magadi. Magadi ya kulainishia makande na maharage huwa na floraidi pia, kwa hiyo jiko la shule liache kuyatumia. Maharage yakilowekwa usiku kucha na maji yake kumwagwa, yanaiva vizuri tu.

Hilo la maharage linatufikisha kwenye michango. Shule nyingi hupenda kupeleka chakula kwenye makao ya watoto, na kila mwanafunzi kuleta kikombe ni utaratibu mzuri, haumkamui mzazi. Kikombe cha robo lita cha maharage kina kama gramu 200. Darasa la watoto 50 linatoa kilo 10. Tatizo ni kuyamimina yote kwenye gunia moja: ya njano na mekundu, ya msimu huu na ya mwaka juzi. Mapya yanarojeka, makuukuu yanabaki kama kokoto, na mpishi wa kituo anarudi kwenye magadi yale yale. Wekeni ndoo kwa kila aina, na watoto waulize nyumbani yalivunwa lini.

Mahindi ya mchango nayo yapimwe unyevu, kwa sababu yasiyokauka vizuri hushika sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Watoto wanaweza kupima wenyewe. Chukua chupa kavu ya kioo, tia mahindi hadi robo na vijiko viwili vya chumvi kavu, tikisa, acha itulie dakika 15. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, mahindi hayajakauka, yarudi juani. Hili ni somo la sayansi tosha, na watoto hulipenda kuliko bango lolote.

Msikusanye nguo kabla ya kupiga simu kituoni. Mara nyingi wamejaa nguo, na wanachokosa ni sabuni, mafuta ya kupaka na taulo za kike. Mwoneni kwanza afisa ustawi wa jamii awathibitishie kwamba makao yamesajiliwa. Wapelekeni wanafunzi wachache, kumi wanatosha. Piga picha za magunia, si za watoto wa kituo. Orodha ya vitu na uzito wake isainiwe na mpokeaji, nakala ibandikwe ubaoni shuleni ili mzazi aliyetoa kikombe kimoja aone kilipofika.