Usikubali "tuyamalize hapa hapa"

Dada, umesema mwanao wa darasa la nne anabakishwa peke yake na mwalimu wa tuisheni wenzake wakishaondoka, na mwalimu mkuu anataka myamalize kimya kimya. Usikubali. Hilo si la kikao cha soda.

Piga 116, simu ya msaada kwa watoto, ni bure, au nenda Dawati la Jinsia na Watoto pale polisi. Afisa ustawi wa jamii wa halmashauri naye ajue. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka yeyote mwenye taarifa aripoti, kwa hiyo usingoje ushahidi wa kumfunga mtu; hiyo kazi ya polisi.

Mtoto usimhoji kila jioni. Akisema kitu, kiandike kwa maneno yake mwenyewe, na tarehe. Mimi ni mwalimu wa malezi. Kuna binti aliniambia tu "sitaki kufagia ofisi ya mwalimu", anasokota pindo la sketi. Nikadhani uvivu! Wiki mbili nzima ndipo nikaelewa.

Ukiona dalili kwamba ameguswa, hospitali kwanza. Usimwogeshe, nguo usizifue, zibebe kwenye mfuko wa karatasi.