Betri Imekufa na Boneti Haifunguki: Anza na Mlango

Wengi wanaoniita betri zinapowafia huniambia kwamba boneti imekataa kufunguka kwa kukosa umeme. Kwa magari mengi yanayoteremshwa hapa bandarini Kilindini, yakiwemo Vitz, Probox na Noah, sababu haiwezi kuwa hiyo, kwa kuwa boneti zake hufunguliwa kwa waya wa chuma unaovutwa kwa mkono kutoka ndani ya gari. Kinachotegemea umeme ni kufuli za milango, na mwenye gari akishafungiwa nje hawezi kukifikia kishikio cha kuvutia waya huo.

Ikiwa ufunguo wako ni wa rimoti bila chuma kinachoonekana, tafuta kitufe kidogo ubavuni mwake, ukisukume, na uchomoe ufunguo wa chuma uliofichwa ndani. Tundu lake liko kwenye mlango wa dereva, ingawa katika baadhi ya magari limefunikwa kwa kifuniko cha plastiki. Tundu lisilotumika kwa muda mrefu huingia vumbi na chumvi ya pwani, hivyo ufunguo ukigoma usiulazimishe ukakukatikia. Pulizia mafuta mepesi, subiri kidogo, kisha uuchezeshe taratibu.

Mlango ukishafunguka, kishikio huwa chini ya dashibodi upande wa dereva, lakini baadhi ya magari ya Ulaya yamekiacha upande wa kushoto, miguuni pa abiria.

Jirani yangu wa Kizingo alisafiri akaliacha gari lake karibu na bahari, na aliporudi alivuta kishikio hicho bila boneti kuinuka hata kidogo. Nilimwambia, "Ami, usikivute kwa nguvu, waya utakatika." Nililalia boneti kwa viganja viwili, pale mbele juu ya komeo, naye akavuta polepole huku nikibonyeza, ukasikika mlio mkavu, na boneti ikainuka kidogo. Komeo lililoshika kutu hubanwa zaidi na boneti yenyewe inayosukumwa juu na mipira yake, na ukiibonyeza unaliondolea mzigo huo. Mimi huona njia hii inafaa kujaribiwa kabla ya kumwita fundi yeyote.

Waya ukikatikia kwenye kishikio, ncha yake hushikwa kwa koleo na kuvutwa. Ukikatikia mbele zaidi, komeo hufikiwa kupitia kwenye wavu wa mbele au kutoka chini, na hiyo ni kazi ya makanika mwenye stendi za kuegemezea gari, kwani jeki peke yake haiaminiki.

Wenye Prius za matoleo ambayo betri ndogo imo kwenye buti wasihangaike kuingia huko nyuma: ndani ya kisanduku cha fyuzi chini ya boneti kuna kifuniko chekundu chenye ncha ya chanya ya kuunganishia nyaya za kuamshia gari. Tesla Model 3 ndiyo hasa yenye boneti ya umeme, nayo ina nyaya mbili nyuma ya kifuniko cha ndoano ya kuvutia, kwenye bampa ya mbele, zinazopewa umeme wa volti 12 kutoka nje.

Kabla ya kuifunga tena boneti, safisha komeo na ulipake grisi. Umeme ukirejea, king'ora huenda kikalia kwa kuwa mlango ulifunguliwa kwa chuma. Katika magari mengi hunyamaza ukibonyeza rimoti.