Kwako Unayeanza Kukaa Dirishani: Uaminifu Katika Uwakala wa Fedha

Wengi wanaoanza kazi ya uwakala wa fedha kwa simu huniuliza kwanza habari za mtaji: floti, yaani salio la kwenye simu la kuhudumia wateja, iwe kiasi gani, pesa taslimu kiasi gani, kibanda kiwekwe wapi. Ni maswali ya lazima. Hata hivyo, tangu nianze kukaa dirishani hapa Dar es Salaam, nimeona vibanda vyenye floti ya kutosha vikifungwa kwa sababu watu wa mtaa wameacha kumwamini anayeketi ndani.

M-Pesa ilipoingia Tanzania mwaka 2008, mwaka mmoja baada ya kuanza Kenya, ilileta huduma za fedha kwa watu wengi ambao hawakuwa na akaunti ya benki, na hadi leo utampata mteja asiyeweza kusoma ujumbe wa muamala wake. Atakuja bibi, atakunyooshea simu na kusema, "Mwanangu, nitolee elfu ishirini, namba yangu ya siri ni…" Mkatize kwa upole kabla hajaitaja. Mwambie, "Bibi, hiyo usinitajie hata mimi," kisha mwelekeze hatua kwa hatua, na anapobonyeza tarakimu zake geuza uso pembeni, hata kama foleni imeshafika barabarani. Fedha zihesabu juu ya meza anapoziona, na umwombe azihesabu naye kabla hajaondoka.

Kosa ninalolijutia zaidi ni kugawanya miamala. Mwezi wangu wa kwanza, kwa maelekezo ya aliyeniajiri, mteja akitaka kutoa laki mbili nilimwambia atoe laki moja mara mbili kwa kuwa mtandao unasumbua, ilhali mtandao ulikuwa mzima na tulichokuwa tukikitafuta ni kamisheni ya ziada. Mama mmoja muuza samaki alirudi siku ya pili, akaiweka simu yake mbele yangu na kunionyesha makato ya miamala yote miwili. Hakupaza sauti. Alisema tu, "Mwanangu, hii ndiyo nauli yangu ya kwenda feri." Nilimrudishia tofauti kutoka mfukoni mwangu, lakini hakuja tena dirishani kwetu, na majirani zake sokoni nao wakahama mmoja mmoja.

Utakutana pia na hasira usizozisababisha. Tozo ya serikali kwenye miamala ya simu ilipoanza Julai 2021, wateja walitulaumu sisi mawakala kana kwamba fedha zile zilikuwa zikiingia mifukoni mwetu. Usibishane na mtu aliyekatwa fedha zake. Mweleze makato yote kabla hajathibitisha muamala, naye aamue mwenyewe kuendelea au kuacha.

Floti ikiisha, tangaza mapema ili watu wasipange foleni bure. Kiasi anachotoa mteja usikitaje kwa sauti, kwani nje ya kibanda wapo wanaosikiliza. Na mteja akikujia anatetemeka kwa kuwa ametuma ada ya mtoto kwa namba isiyo yake, usianze kwa kumlaumu kwa haraka zake. Mpe kiti, msaidie kupiga simu huduma kwa wateja papo hapo, msomee namba ya muamala polepole, na wanaosubiri waombe radhi mpaka mkimaliza.