Maswali na majibu: Kusoma jedwali la kijiji cha India

Maswali ya wiki hii yote yanahusu majedwali ya vijiji ya sensa ya India ya 2011. Hesabu zote nitazipiga kwa kijiji cha mfano: watu 412, kati yao watoto wa miaka 0 hadi 6 ni 58 (wavulana 32, wasichana 26), na wanaojua kusoma na kuandika ni 251.

Nagawanya 251 kwa 412 napata asilimia 60.9, jedwali linasema 70.9. Nani kakosea?

Wewe, na wenzako walioniuliza hivyo hivyo mwezi uliopita. Sensa ya India haimhesabu aliye chini ya miaka 7 kuwa anajua kusoma, hata kama anasoma gazeti. Toa kwanza wale 58, kisha gawanya 251 kwa 354. Na ujue hakuna mtihani: karani huandika anachoambiwa mlangoni.

Wasichana 26 kwa wavulana 32 ni kama 813 kwa kila 1,000. Wanatoa mimba za wasichana?

Taratibu. Wangezaliwa wasichana wawili tu zaidi, ungepata 875. Wastani wa nchi nzima ulikuwa 919. Uovu huo upo, ndiyo maana sheria ya 1994 inakataza kupima jinsia ya mimba, lakini ushahidi wake utafute kwenye takwimu za wilaya. Kwa watoto 58 utakuwa unasingizia watu.

Kaya ni nini hasa?

Wanaokula jiko moja. Ndugu wawili ua mmoja, majiko mawili: kaya mbili.

Kijiji cha Waislamu watupu, safu ya Matabaka Yaliyoorodheshwa (Scheduled Castes, matabaka yaliyotengwa kama "wasioguswa" na kuandikwa kwenye orodha ya serikali) inasema 0. Hawana matabaka?

Wanayo. Sifuri hiyo imetoka kwenye sheria. Amri ya 1950 iliwaandika Wahindu, na matabaka manne tu ya Masingasinga; Masingasinga wote wakaingizwa 1956, Wabuddha 1990. Mwislamu au Mkristo mwenye asili ya Kidalit, yaani ya matabaka hayo yaliyotengwa, haingii safu hiyo, awe fukara namna gani. Makabila Yaliyoorodheshwa (Scheduled Tribes, jamii za kikabila zenye orodha yao) ni habari nyingine, huko dini haiulizwi. Ila majimbo ya Punjab na Haryana utaona 0 kila kijiji kwa sababu hakuna kabila lililoorodheshwa kule.

Watu wa matabaka mengine yote, kama Brahmin, Jat na Yadav, wamefichwa ndani ya jumla. Hesabu kamili ya matabaka iliyochapishwa mara ya mwisho ni ya 1931, na sensa iliyopangwa kwa 2027 ndiyo itakayouliza tena. Kwa hiyo anayekuambia "Yadav asilimia 40" akidai kaitoa sensa ya 2011, amekudanganya.

Mbona wanawake wengi hawakuzaliwa hapo?

Wameolewa. Sehemu kubwa ya kaskazini mwiko kuoa kijijini kwenu, basi binti huondoka na mkwe huja.

Watu wanalima kutwa, mbona "wakulima" ni wachache?

Mkulima ni anayelima ardhi yake, au aliyokodi, au ya kugawana mavuno. Anayelima kwa ujira ni kibarua wa shamba, safu nyingine.

Kijiji kina watu 0. Jedwali limeharibika?

Halijaharibika. Kijiji hapa ni mpaka wa daftari la kodi ya ardhi: mashamba yapo, wakazi hawapo. Kaskazini hukiita be-chirag, kisicho na taa. Katika vijiji zaidi ya 640,000, vyenye watu ni kama 597,000. Na kinyume chake kipo: jina moja daftarini, vitongoji vitatu uwanjani, cha Wadalit kikiwa peke yake pembeni. Jedwali halitakuonyesha hilo.