Kima cha Chini Kikipanda, Bajeti ya Chuo Huvujia Wapi?

Msomaji aliye ofisi ya fedha ya chuo binafsi huko Illinois, Marekani, ameuliza kwa nini fungu la nyongeza ya mishahara halikutosha, ilhali walikadiria kwa idadi ya wanaolipwa kima cha chini cha mshahara. Hesabu saa, ndugu yangu, usihesabu vichwa.

Kima cha Illinois kilikuwa dola 8.25 kwa saa mwaka 2019, kikapanda kidogo kidogo hadi 13 mwaka 2023, 14 mwaka 2024 na 15 mwaka 2025, hizi tatu za mwisho zote Januari 1. Mwaka wa fedha wa chuo kwa kawaida huanza Julai 1. Wanafunzi 200 wanaolipwa kima hicho wakifanya kazi saa 10 kwa wiki, wiki 30, ni saa 60,000. Dola moja ikiongezeka ni dola 60,000, lakini mwaka wa kwanza utaona nusu tu, ya muhula wa Januari hadi Mei. Mwaka unaofuata mzigo wote unakuja, na katika miaka ile ya kupanda Januari yake ilikuwa na dola nyingine. Anayenakili bajeti ya mwaka jana ameshapungukiwa.

Kisha kuna mpango wa shirikisho wa kazi kwa wanafunzi. Serikali kuu kwa kawaida hulipa hadi asilimia 75 na chuo hujazia. Fungu haliongezeki eti kwa kuwa jimbo limepandisha kima. Aliyetengewa dola 2,500 alifanya saa 192 kwa dola 13. Kwa dola 15 ni 166. Pesa yake ni ileile, ila dawati la maktaba limepoteza saa 26. Kuzirudisha ni dola 390 kwa kila mwanafunzi, kutoka mfuko wa chuo. Wenye viza ya F-1, ile ya wanafunzi wa kigeni, wakiwemo vijana wetu wa Afrika Mashariki, hawamo katika mpango huo. Hulipwa na idara, mwisho saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Idara ikibanwa isianze kukata saa zao. Hawa hawawezi kwenda kutafuta kibarua nje bila kibali.

Panapouma zaidi ni juu ya kima. Msaidizi wa maktaba mwenye dola 15.60 kwa saa alimzidi mfanyakazi mpya wa kima cha chini kwa dola 2.60 mwaka 2023. Mwaka 2025 anamzidi senti 60. Ataondoka, tena ana haki. Toa orodha ya wote walio chini ya dola 18, ipange kwa kiwango cha saa na miaka kazini, kisha ongeza kwa mteremko: senti 75 kwa walio chini ya 16, senti 50 kwa walio chini ya 17, senti 25 kwa waliobaki. Kagua mipaka: mwenye 15.95 atafika 16.70 na kumruka mwenye 16.05 aliyeishia 16.55. Huyo wa pili mfikishe walau 16.80, la sivyo malalamiko yatafika kwako kabla ya mwisho wa mwezi.

Dola moja kwa saa 2,080 za mwaka, yaani saa 40 kwa wiki, pamoja na asilimia 7.65 anayolipa mwajiri kwa hifadhi ya jamii na Medicare, bima ya afya ya wazee, ni takriban dola 2,239 kwa mfanyakazi. Mwanafunzi anayesoma amesamehewa makato hayo chuoni kwake, ila likizo ya kiangazi, kama hakusajili masomo, kwa kawaida makato yanarudi kwake na kwa chuo.

Soma pia mkataba wa mzabuni wa chakula na usafi. Kukiwa na kifungu cha kupandisha bei sheria ya mishahara ikibadilika, ankara itapanda bila kukuuliza. Na kampasi binafsi iliyo ndani ya Chicago ifuate kalenda ya jiji: kima hubadilika Julai 1, na mwaka 2025 kilifika dola 16.60.